Boga la Mtu wa Montana

Verlene Hatcher alipovuka mto kutoka Indiana kuhamia Illinois, alipewa vibao viwili vya namba za gari. Kwao Indiana hufungwa kimoja tu, cha nyuma. Akaona hawa watu wakarimu kweli, wamempa na cha akiba, akakipigilia kwenye banda la kuku kuziba tundu alilopitia mbweha.

Mwaka ule alikuwa na boga, na boga lenyewe mbwa sita walilala kwenye kivuli chake wakabaki na nafasi ya kugeuka. Mbegu ilikuwa ya marehemu mumewe, Orrin, aliyekufa bila kuupata utepe wa bluu wa mshindi wa kwanza katika mashindano ya maboga ya wilaya. Verlene aliapa kuutundika juu ya picha yake.

Asubuhi ya kupima maboga, askari Merle Oakes akamsimamisha njiani, boga likiwa nyuma ya pikapu. Alikuwa amepigiwa simu kwamba pikapu ya Verlene haina kibao cha mbele. Verlene akajitetea, akaeleza mpaka habari za mbweha, lakini Merle akasema Illinois ni vibao viwili, na gari haliondoki bila cha mbele. Aliporudi kutoka kukibandua bandani, jua lilikuwa limeshalipasua boga, na ng'ombe wa barabara nzima wanakula.

Aliyepiga simu alikuwa jirani yake, Royce Dunphy, na ndiye aliyeshinda.

"Sheria ni sheria, bibi," Royce alimwambia kwenye uzio, utepe kifuani.

Tangu siku hiyo Verlene akawa anakagua magari ya watu kama anayenunua punda. Ndipo Royce akaleta pikapu mpya, ndefu kama kanisa, yenye namba za Montana, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Verlene akatabasamu peke yake. Montana hawatozi kodi ya kununua gari, na gari likishazeeka unalipia usajili mara moja tu, hawakusumbui tena. Royce alikuwa amejiapisha mkazi wa kule ili asitoe kitu Illinois.

Angeweza kumshtaki kwa Merle siku hiyohiyo. Akasubiri. Msimu wa maboga uliofuata, Royce alipokwenda kuvua samaki, Verlene alipitisha mpira wa maji chini ya uzio akalinywesha boga la Royce, maana alilitaka linenepe.

Likanenepa, likashinda. La Verlene likawa la pili. Jaji alipoinua utepe, Verlene akasogea, amemshika Merle mkono kama bibi harusi.

"Jaji, si mlisema mashindano ni ya wakazi wa Illinois tu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwulize Royce kwake wapi. Na Merle asikie."

Watu wote wakageuka kuitazama ile pikapu. Royce akautazama utepe, kisha pingu kiunoni mwa Merle. Akisema Illinois, amekwepa kodi na kuapa uongo. Akisema Montana, utepe kwaheri.

"Montana," alisema kama anayemeza mwiba.

"Sijakusikia, jirani."

"Nimesema Montana."

Utepe sasa uko juu ya picha ya Orrin. Kila asubuhi Verlene hukifuta kibao chake cha mbele taratibu, mpaka Royce atoke nje.

"Karibu Illinois, mgeni. Huko kwenu theluji imeanza?"

Na Royce hujibu kwa adabu, maana siku hizi Merle hunywa kahawa yake barazani kwa Verlene.