Kumwogesha Baba Mwezi wa Kumi na Moja

Msimu uliopita wa kugema ulipoanza, Mzee Sarun alisimama chini ya mivumo yake, ile miti mirefu jamii ya mnazi inayogemwa maji ya sukari, akaitazama weee, kisha akarudi nyumbani akalala. Sasa fikiria mwenyewe. Mtu anapanda mivumo ishirini asubuhi na ishirini jioni tangu ndevu hazijamwota, kila mti anaujua tabia yake, huu mkarimu, huu mchoyo, huu una siafu, leo anasema amechoka. Binti yake Thavry alikuwa pale kwenye karai kubwa la kuchemshia sukari, majirani wamekaa wanaota moto. Akasema, tena kwa sauti, "Baba yetu siku hizi bibi harusi. Kazi yake kulala na kuletewa chakula. Mzee Chea ana jicho moja na yuko juu ya mti."

Watu wakacheka. Na Mzee alisikia, maana nyumba za kijijini kwao zinainuliwa juu ya nguzo, kuta zenyewe makuti, ukipiga chafya chini aliye juu anakuombea afya.

Basi. Kikohozi kikaja, kikakaa. Zahanati wakamwandikia dawa za kifua kikuu, akameza miezi sita. Jirani yao Bibi Yon akamkwaruza mgongo kwa sarafu kutoa upepo mbaya, kama wanavyofanya wote, mgongo ukabaki na mistari myekundu kama mkeka. Kikohozi kipo. Halafu nyonga ya kulia nayo ikaanza kuuma, watu wakasema ah, hiyo ni miti ya miaka arobaini inadai haki yake. Mpaka mtoto wa kiume, Borin, fundi mwashi huko Phnom Penh, mji mkuu wa nchi yao, akaja akamchukua baba akampeleka hospitali kubwa. Thavry naye akafuata.

Kule kwao karatasi ya ugonjwa hapewi mgonjwa, wanapewa watoto. Mzee akaachwa kwenye benchi anamenya chungwa, watoto wakaitwa ndani. Daktari alikuwa mwanamke kijana, macho yamechoka.

"Ni saratani ya mapafu," akasema. "Imeshafika kwenye mfupa wa nyonga, na kwenye ini."

"Kwa hiyo ziko tatu," Thavry akasema.

"Ni moja."

"Samahani daktari, mimi shule niliishia la nne. Mapafu yako hapa. Nyonga iko huku chini. Moja inakaaje nyumba tatu?"

Daktari hakumcheka. Akauliza wanafanya kazi gani, akaambiwa. Akasema, "Mbegu ya mvumo ikidondoka ikaota shamba la jirani, ule mti bado mvumo. Haujawa mwembe kwa sababu umehama. Hii ilizaliwa kwenye mapafu, ikaota na huko."

"Baba hajavuta sigara hata moja," Borin akasema, kama mtu aliyeonewa.

"Wapo wasiovuta na wanaipata. Moshi wa kuni je?"

Thavry akaliona lile karai, na kuni anazozisukuma yeye mwenyewe, na baba amekaa upande wa pili anakoroga. "Ndiyo huo?"

"Siwezi kukuambia ndiyo huo. Sijui, dada yangu. Hakuna atakayejua."

"Inapona?"

"Kuponya, hatuwezi. Kutibu tunaweza."

Hapo sasa. Walitoka kwenye kile chumba ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, kila mtu na nusu yake ya maneno. Borin alibeba ile ya kutibu. Thavry alibeba ile ya kutoponya. Na tangu siku ile hawakuelewana tena, maana kila mmoja akisema, "Daktari alisema," anasema kweli.

Kulikuwa na kipimo cha pili, cha kutazama kama kuna vidonge vinavyoifaa saratani ya namna ile. Wakangoja wiki tatu. Majibu yakaja kwa simu: vidonge vile havimfai. Dawa ya kutundikiwa kwa dripu ipo, lakini mwili umeshalegea, inaweza kumuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Thavry ndiye aliyepokea. Akauliza neno moja tu, "Atafika Mwaka Mpya?"

Mwaka Mpya wa kwao ni mwezi wa nne. Ule ulikuwa wa kumi na moja, mvua zinamalizika. Daktari akajibu polepole.

"Sidhani, dada. Mtunzeni asiumie."

Walikuwa wamesharudi kijijini, Borin naye. Mzee aliambiwa mapafu yamechoka kwa vumbi na nyonga ni utu uzima. Kijiji kizima kinajua, mpaka wachunga ng'ombe, ila yeye. Borin ndiye aliyeagiza hivyo, na hakuna aliyeona ajabu, kule ndivyo mzazi anavyotunzwa. Mtu mzima unamwambiaje kifo chake usoni?

Lakini kuna mila nyingine, na hiyo ndiyo iliyomnyima Thavry usingizi. Mwaka Mpya ukifika, siku ya tatu, watoto wanatandika mkeka, wanamkalisha mzazi, wanamwogesha kwa maji ya asumini. Na wakati wa kumwogesha mtoto anapiga magoti anaomba radhi, kwa lililosemwa, lililotendwa, hata lililowazwa. Bila maneno yale ni maji tu. Mzazi naye anajibu kwa dua. Halafu mnavaa mnakula, mwaka unaanza, umetakata. Mwezi wa nne uliopita Thavry hakumwogesha baba yake, alikuwa kwa wakwe zake. Akasema ah, mwakani.

Na nje ya Mwaka Mpya, anaogeshwa vile yule tu anayeaga dunia.

Alimwambia Borin nia yake penye mitungi ya maji, Borin akiwa anafua.

"Ukimwogesha sasa," Borin akasema, "ni sawa na kumpimia jeneza akiwa amekaa anakutazama."

"Na nisipomwogesha?"

"Utamwogesha mwezi wa nne."

"Borin."

"Jana kala uji bakuli zima. Niliona bakuli."

"Uji niliula mimi. Alinipa nimmalizie, akaniambia nikuambie kaula yeye."

Borin akalikamua shati mpaka likatoa mlio. "Wewe una dhambi gani hata huwezi kungoja? Sisi wote tuna makosa. Mimi niliwahi kumwibia baiskeli akatembea mwezi mzima. Sisemi."

Thavry alitaka kumwambia. Neno la bibi harusi likafika kwenye ulimi, likarudi. Lingekuwa jambo la kuchekesha, si ndiyo, ukilisema hivi hivi kwa mtu. Ndiyo ubaya wake.

Kesho yake Borin akaenda mjini kuchukua dawa za maumivu. Thavry akachemsha maji. Akajiambia: namwogesha kwa ajili ya nyonga, maji ya moto yanatuliza, nani atauliza? Maneno nitayasema moyoni. Akaenda uani akachuma asumini, akazitia kwenye beseni, zikakaa kidogo, akazitoa zote kwa upawa, moja moja, maji yakabaki meupe. Akaridhika. Mtu akiwa na huzuni akili inakuwa ya kuku.

Akamkalisha baba kwenye kitanda cha mianzi chini ya nyumba, kitambaa chake cha miraba kiunoni. Mbavu zinahesabika. Akachota kata ya kwanza akamwagia begani.

Mzee akafumba macho. Maji yakateremka. Akasema, "Mwaka Mpya mwaka huu umewahi."

"Ni maji ya moto tu, baba. Ya nyonga."

"Nyonga yangu ndiyo inayonuka asumini?"

Thavry akabaki na kata mkononi.

"Mwanangu, mimi mgema. Mti unaokufa naujua kabla jani halijageuka rangi. Nisijijue mwenyewe?" Akapumzika kidogo, siku hizo kila sentensi ilikuwa na vituo. "Halafu huyu Bibi Yon. Tumekaa naye miaka thelathini hajanipa hata ganda. Sasa hivi kila asubuhi yai la chumvi. Nikasema basi, mimi naenda."

"Tulificha usije ukavunjika moyo."

"Najua. Mmefanya vizuri. Kudanganya hamjui, lakini mmefanya vizuri." Akafungua macho. "Haya, maji yanapoa. Sema."

Thavry akapiga magoti kwenye udongo uliolowa, akaunganisha viganja, akasema yale maneno ya kila mwaka, ya ulimi na mkono na moyo. Akafika mwisho. Mzee akangoja. Thavry akasema, "Msimu uliopita nilikuita bibi harusi. Mbele ya watu. Nikakupima na Mzee Chea."

"Mwenye jicho moja."

"Ndiyo, baba."

Kuku akapita chini ya kitanda, akadonoa ua lililoanguka, akaliacha.

"Iliniuma," Mzee akasema. "Kesho yake mlipokwenda hekaluni kwa watawa, nikapanda ule mvumo wa kisimani. Nilifika katikati. Pumzi zikaisha, nikaukumbatia mti kama mtoto, sijui nilikaa muda gani. Naona paa letu pale chini, naona nguo zako kwenye kamba. Halafu nikashuka, kifundo kimoja kimoja cha ule mwanzi wa kukwelea uliofungwa mtini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilidhani ni uvivu kweli. Nilikuamini."

Hilo ndilo lililomkata. Alikuwa amejiandaa kwa mengine, kwa hasira, hata kwa kicheko. Akainama mpaka paji la uso likagusa miguu ya baba yake, akalia kilio kile kisicho na sauti, mabega tu yanakwenda. Mzee akamwacha alie. Hakumwambia nyamaza.

Baadaye akasema, "Sikiliza. Wewe hukujua. Mimi sikujua. Waliosoma wenyewe walinipa dawa za ugonjwa mwingine nusu mwaka. Radhi unayo. Ulikuwa nayo na jana, ila jana hukuomba." Akaweka mkono wake uliolowa juu ya kichwa chake, akasema zile baraka nne wanazozisema wazazi wa kule. "Upate umri. Upate uso wa nuru. Upate raha. Upate nguvu."

"Ahsante, baba."

"Ila Borin usimwambie kwamba najua."

"Baba, na yeye ana haki ya..."

"Ana haki. Lakini anakuja na dawa zake, ananiambia mwezi wa pili tutakarabati karai. Anafurahi. Mwache anidanganye mpaka achoke mwenyewe. Na wewe utakaa kimya kwake, kama ulivyokaa kwangu."

Thavry akafuta uso kwa kanga yake. Alikuwa ametua mzigo mmoja, hajapumua, ametwishwa mwingine. Akaitikia.

Wakasikia pikipiki. Borin akaja na mfuko wa dawa, kofia ya chuma bado kichwani. Akamwona baba amelowa. Akaona magoti ya dada yake yana tope. Akavuta pumzi mara moja kwa pua, na pua zake nzima, hana mafua.

"Bibi Yon kasema maji ya hivi yanatuliza kifua," Mzee akawahi.

"Kasema hivyo?"

"Huyo. Mambo yake unayajua."

Borin akamtazama Thavry. Thavry akatazama beseni. Borin akavua kofia, akaiweka juu ya mtungi, akaipangusa vumbi la barabara.

"Yamebaki?"

"Nusu," Thavry akasema.

Akakunja mikono ya shati. Akachuchumaa, kisha akapiga magoti, akauchukua mguu wa kulia wa baba yake akauosha, kisigino chote kile kigumu cha kukwea miti, akapitisha kidole baina ya kidole na kidole. Akahamia wa kushoto. Midomo yake ilikuwa inacheza, lakini sauti haikutoka.

Mzee naye hakumuuliza. Akainama kwa shida, akaweka mkono juu ya zile nywele zilizolowa jasho la kofia.

"Upate umri," akasema. Akapumua. "Upate uso wa nuru." Akapumua tena, kifua kikalia kama mlango. "Upate raha."

Pumzi zikamwishia kabla ya ile baraka ya nne, akabaki anahema. Thavry akamshika mgongo. Borin hakunyanyua kichwa, aliushika ule mguu kwa mikono miwili, maji yanamdondoka kwenye viwiko, akangoja.