Basi la Mwanza

Tangu wamzike mwana wao Kipkosgei, Kimeli hakuweza kutulia nyumbani. Akiketi, mguu unatikisika. Akilala, anaamka na kuzunguka boma. Kaburi lilikuwa chini kidogo ya nyumba, pale shamba la chai linapoanzia, na kila dirisha la upande ule liliangalia huko. Kijana alikuwa mwaka wa pili chuoni Kabianga. Lori lilimgonga jioni ya mvua akivuka barabara, karibu kabisa na lango la nyumbani.

Kimeli alikuwa fundi wa mitambo kiwandani kabla ya kustaafu. Alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akalitoboa madirisha, akaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Majirani walidhani anafungua kibanda. Siku alipomaliza alimwambia mkewe Dorine, "Panda twende."

"Wapi?"

"Tutaona."

Dorine alipanda akidhani ni safari ya wiki moja. Ng'ombe aliwaacha kwa shemeji yake, nyumba akaifunga. Walilala Fort Ternan kando ya reli, wakapanda Londiani kwenye baridi, wakateremka hadi Sigor na kuegesha kwenye uwanja wa kanisa. Wiki zikapita. Kila Dorine alipoanza kujua mahali pa kuchota maji na jina la jirani, Kimeli alikuwa ameshakunja viti.

Asubuhi moja pale Sigor, kabla hata ya chai, Kimeli alisema, "Leo twende tuone Tanzania. Jioni tunarudi."

Dorine alifurahi. Kwa muda mrefu hakuwa amemsikia akitamka neno kurudi.

Huko Isebania waliacha gari kwenye kituo cha mafuta upande wa Kenya, kwa kuwa bima yake haikuwa ya kuvuka mpaka, wakaenda kwa miguu. Afisa wa uhamiaji aliangalia vitambulisho vyao.

"Mnakwenda wapi, mzee?"

"Mbele," Kimeli akajibu.

"Mbele wapi?"

"Hapo tu Sirari," Dorine akaingilia. "Tunarudi leo."

Sirari ilikuwa na vumbi na kelele za kawaida za mpakani. Walikula wali na samaki kwenye mgahawa wa mama mmoja aliyewaita "wazazi wangu" na kuwaamkia shikamoo, mpaka Dorine akacheka, maana kwao hakuna anayesalimia hivyo. Kimeli hakumaliza chakula. Alikuwa akitazama nje, mabasi yanapopakia mizigo.

"Nanunua maji," akasema, akatoka.

Alirudi na tiketi mbili.

"Hizo ni za nini?" Dorine akauliza.

"Mwanza. Tuone ziwa kidogo. Gari litakaa pale salama, nimeongea na askari wa kituo."

"Uliongea naye saa ngapi?"

Kimeli alizikunja tiketi akazitia mfukoni.

"Na kutoka Mwanza?"

"Nasikia kuna barabara ya lami mpaka Tabora."

Dorine alisukuma sahani kando. "Baba Kipkosgei," akasema. Tangu mazishi alikuwa akimwita mzee tu.

"Usiniite hivyo hapa."

"Nikuite hivyo wapi? Nyumbani hukai." Sauti yake ilipanda, na mama wa mgahawa akajifanya anafuta meza ya mbali. "Wewe unamkimbia mtoto. Lakini mimi, kila siku ukiniendesha naona ni kama namwacha peke yake kwa ile baridi. Saa hii nyasi zimemea juu yake. Nani anang'oa?"

Kimeli alishika kingo za meza kwa mikono yote miwili. "Nikiwa pale nasikia breki za lile lori," akasema polepole. "Nikichuma chai, nasikia. Nikiomba, nasikia. Gari likitembea ndiyo zinanyamaza."

Dorine alinyoosha mkono akamshika kiganja. Walikaa hivyo mpaka kondakta alipoanza kuita abiria.

"Basi nenda," Dorine akasema. "Sikukatazi. Nipe funguo."

Kimeli alimpa, akapanda basi, akakaa upande wa pili, ambapo Dorine hakuweza kumwona uso.

Dorine alivuka mpaka peke yake. Aliwahi kuendesha pikapu ya maziwa miaka mingi, lakini lile gari lilikuwa zito, na mpaka Migori aliliendesha polepole, kando kabisa ya barabara. Alipita Kisii moja kwa moja, bila kusimama. Sotik alikuta mvua. Alifika nyumbani giza likiingia, akafungua madirisha yote, na asubuhi iliyofuata akapiga magoti kaburini akang'oa nyasi mpaka vidole vikawa vyeusi.

Siku chache baadaye namba ngeni ilimpigia simu.

"Ni mimi. Niko Mwanza."

"Umekula?"

"Nimekula. Ziwa ni kubwa, huoni mwisho."

"Na zile breki?"

"Zimenifuata," akasema. "Nimelala kwa gesti hapa, nikazisikia."

"Kama utazisikia popote, njoo uzisikie hapa. Mimi pia sitaki kuwa peke yangu."

Alirudi alasiri moja, akitembea kutoka barabarani, amekonda, na kitenge kwenye mfuko wa plastiki. Alisimama kaburini, lakini si kwa muda mrefu. Hakuingia nyumbani. Alilala ndani ya gari pale uani, na Dorine akampelekea chakula huko bila kumuuliza kitu.

Analala humo mpaka sasa. Asubuhi nyingine Dorine akiwa jikoni husikia injini ikiwashwa, naye husimama na mwiko mkononi. Injini hunguruma, hunguruma, kisha huzimwa. Mlango wa gari hufunguka, na Kimeli hutoka na kikapu mgongoni, akateremka kuchuma chai.