Taa za Chumba cha Susu

Mutheu alimaliza diploma ya kompyuta mwaka wa 2006, kisha akakaa kwa mamake Mumbuni miezi kumi na minne akipeleka barua za kuomba kazi mpaka viatu vikaisha soli. Kwa hiyo mjomba wake Erastus alipompigia simu aende Syokimau akamtazamie mitambo aliyotoka nayo Dubai, hakuuliza malipo. Alifika kabla ya saa nne asubuhi, nywele zimesukwa upya.

Erastus alikuwa wakala wa forodha, mtu aliyeachana na mkewe na kubaki na nyumba kubwa ya vigae vyekundu. Juu ya meza ya sebuleni alikuwa ametandaza swichi za kampuni moja na taa za kampuni nyingine, zote za kuendeshwa na kompyuta. Tatizo lake lilikuwa moja: hazikuelewana. Ukibonyeza swichi, taa inakutazama tu.

Mutheu alisoma vijitabu siku nzima. Aligundua kwamba ile programu kubwa iliyokuja na mitambo ilihitaji programu nyingine ndogo za kuchomeka ndani yake, ambazo wenyewe huziita plagini, na kazi yao ni ukalimani: zinasikia lugha ya swichi, zinaisema kwa lugha ya taa. Alikwenda saiberi, akapakua kadhaa kwenye flashi, akazijaribu moja moja, na mwisho akabakiwa na tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya kununua, kazi ya Mjerumani fulani. Ukitumia hiyo, mtu akibonyeza swichi ya ukutani, neno lake ndilo la mwisho. Ya pili ilikuwa ya bure, na ilipeleka kila kitu kwa kompyuta kwanza, hata swichi ikawa inaomba tu, na kompyuta ikitaka inakataa. Ya tatu ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaosafiri. Iliwasha na kuzima taa ovyo ovyo, bila saa maalumu, ili mwizi aliye nje adhani ndani kuna watu.

Erastus alisikiliza maelezo hayo kwa makini zaidi kuliko Mutheu alivyotarajia. Akasema nyumba nzima iwekwe ya Mjerumani. Kisha akaongeza kwamba chumba cha nyuma kiwekwe zile mbili nyingine, pamoja.

"Lakini huko analala Susu," Mutheu alisema.

"Najua ni nani analala huko," Erastus alijibu. "Niko na nafasi ya mtu wa kompyuta ofisini, kuanzia mwezi wa tano. Ama hutaki?"

Mutheu hakuwa mjinga. Alielewa kabla mjomba hajamaliza, na akajifanya hajaelewa. Susu Kamene, mamake Erastus na nyanyake yeye, alikuwa ameletwa kutoka Kivaa baada ya kuvunjika nyonga. Shamba la Kivaa lilikuwa kwa jina lake tangu mumewe afariki, na kwa miaka mitatu Erastus alikuwa akimsihi atie sahihi liuzwe. Jibu la mama lilikuwa lile lile: mumewe amezikwa pale, na yeye atazikwa kando yake. Ukoo mzima ulijua habari hiyo.

Kazi ilimchukua Mutheu dakika kumi na moja.

Susu alikuwa na mazoea yake. Jua likishuka alikunywa chai, akaegemea mto, akafungua Biblia yake ya Kikamba na kusoma kwa sauti ya chini akifuatisha mistari kwa kidole. Jioni ya kwanza taa ilizimika katikati ya zaburi. Alijikokota kwa mkongojo hadi ukutani, akabonyeza, hakuna kitu. Alipogeuka kurudi kitandani, ikawaka. Alipokaa, ikazimika. Alimwita Erastus, naye akaja, akabonyeza swichi huku simu yake ikiwa imeshaiamuru kompyuta, na taa ikawaka vizuri kabisa. Akamwambia mamake kwa upole kwamba labda macho yamechoka.

Mambo yaliendelea hivyo wiki tano. Mutheu alikuwa akienda kila Jumamosi kukagua mitambo, na kila Jumamosi Susu alimkalisha kitandani, akimshika mkono na kumsimulia. Mwanzoni alisimulia kwa hasira, kama mtu anayemshtaki fundi mbovu. Baadaye akaanza kuuliza kama kweli ilizimika. Alikonda. Aliacha kusoma. Mutheu alimwambia stima za Syokimau ni mbaya, kisha akaenda sebuleni kuhakikisha plagini hazijaharibika.

Lakini mwanamke aliyelima ukame wa Kivaa miaka hamsini hashindwi upesi. Jioni moja Susu alipanda juu ya stuli na nyonga yake ile mbovu, akazungushia balbu kitambaa cha kichwa, akaichomoa na kuiweka chini ya mto. Ndipo akalala, gizani, kwa amani, mara ya kwanza tangu mwezi uandame. Akazoea kufanya hivyo. Mchana anairudisha, jua likizama anaichomoa.

Erastus alipoigundua hakukasirika. Aliipiga picha pale pale, balbu iliyo kitandani kama mtoto, na Jumanne akaleta daktari wa kibinafsi saa nne asubuhi. Mutheu alikuwa ameagizwa kuziondoa plagini zile mbili mapema, na kuweka ile ya Mjerumani. Daktari akabonyeza swichi mara nne, na mara zote nne taa ikatii.

Akamuuliza mama kwa nini analala na balbu.

Susu alieleza vizuri, bila haraka, mikono imetulia mapajani. Alisema taa hiyo inajiwasha na kujizima, kwamba haijali swichi, na kwamba ameichomoa kwa sababu mtu mwenye akili hawezi kulala na kitu kinachomchezea. Daktari aliandika. Susu akaona anavyoandika, akageuka, akamtazama Mutheu aliyesimama mlangoni.

"Mwana wakwa, wewe umesomea hivi vitu. Mwambie huyu. Iko mtu anaiwasha hii taa, ama hakuna?"

Erastus alikuwa akitazama saa yake. Mutheu akajiambia kwamba swali ni kuhusu mtu, na mtu hakuwepo, ilikuwa ni programu tu.

"Hakuna mtu, Susu," alisema.

Bibi kizee hakulia. Aliinama akaanza kukunja kile kitambaa cha kichwa, akakikunja kidogo, kidogo zaidi, mpaka kikatoshea kiganjani. Alipoulizwa maswali mengine yote alijibu kwamba hajui.

Kwa barua ya daktari iliyosema mama hana tena akili timamu, mahakama ilimpa Erastus mamlaka juu ya mali ya mamake. Shamba liliuzwa kabla ya mvua za Novemba kwa mtu aliyetaka kujenga hoteli karibu na bwawa. Kaburi la mzee lilihamishiwa makaburi ya umma, na Susu hakuambiwa. Mutheu alipata kazi yake, meza na kiti cha kuzunguka. Na kwa kuwa Erastus hakuwa tena na haja ya mgonjwa nyumbani, Susu alipelekwa Mumbuni, kwa mamake Mutheu, akapewa kitanda katika chumba kimoja na mjukuu wake.

Huko taa ilikuwa ya kawaida, ya kamba na balbu. Lakini Susu hakuiamini tena, wala hakujiamini. Kila magharibi alimuuliza Mutheu kama imewaka au ni yeye tu anaona hivyo, na Mutheu alimjibu kwamba imewaka, na Susu akamshukuru.

Mutheu alivumilia miezi saba. Jumapili moja, mamake akiwa kanisani, Mutheu alipiga magoti kando ya kitanda akasema yote: Dubai, plagini tatu, dakika kumi na moja, daktari. Alisema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kikamba, asiache hata neno moja. Alilia mpaka kamasi zikamtoka.

Susu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamfuta uso kwa pindo la leso yake.

"Wewe uko na roho nzuri," alimwambia. "Unataka nisijione mwendawazimu. Lakini siku ile mbele ya daktari ulisema ukweli, na mimi nilikubali. Usianze kunidanganya sasa kwa kunihurumia."

Mutheu akaapa kwa jina la Mungu. Susu akamsihi asiape uongo siku ya Jumapili, akajilaza akigeukia ukuta, na baada ya muda akauliza kama taa imewaka.

Ilikuwa saa sita mchana. Dirisha lilikuwa wazi.