Kurasa Zisizo na Wino Mwekundu

Kwa miaka thelathini na moja mwalimu aliwafundisha watoto wa watu Kiingereza, na miaka yote hiyo mkewe, fundi cherehani, hakuambulia hata salamu ya lugha hiyo. Si kwamba alinyimwa. Kila wakianza, fundi alitamka vibaya makusudi, mwalimu akashika kichwa, wakaishia kucheka. Madaftari ya wanafunzi nayo hayakuvuka mlango wa nyumba yao. Mwalimu aliyasahihisha hukohuko shuleni.

Sasa mwalimu alikaa kwenye kiti cha dirishani, upande wa kulia umepooza, ulimi umefungwa. Daktari alisema huenda anaelewa, huenda haelewi. Hiyo "huenda" ndiyo iliyomkosesha fundi raha. Akajiandikisha masomo ya watu wazima, na kila alasiri, akishaweka mkasi chini, aliandika sentensi moja ya Kiingereza daftarini, akamlazia mumewe mapajani na kumshikisha kalamu nyekundu mkono wa kushoto.

Koma ndizo zilizomtoa jasho. Kishazi tegemezi kikitangulia, weka koma. Kikifuata nyuma, mara nyingi iache. Sentensi mbili kamili usiziunganishe kwa koma peke yake. Hilo la mwisho alilishika kabla ya darasa zima, maana kwake ilikuwa sawa na kupiga bandi: kitambaa kimeshikiliwa kwa muda, mshono wenyewe bado. Kila sentensi aliirekebisha mara kumi kwenye karatasi za kukatia nguo kabla ya kuinakili.

Akaandika mambo ambayo hakuwahi kumwambia. "Uliponiposa, nilikuwa nimeshakubali moyoni." "Niliificha barua yako ya uhamisho siku mbili kwa sababu niliogopa." Mwalimu alitazama karatasi, na kalamu haikusogea. Zikapita wiki tatu, kurasa ishirini na moja, bila hata nukta nyekundu.

Siku iliyofuata alikuja shemeji yake, mdogo wa mwalimu, ambaye utotoni alipita darasani kwa kaka yake na kukiona cha mtema kuni.

"Shemeji, unajitesa bure," alisema. "Kaka tuliyemjua hayupo tena. Lifunge hilo daftari upumzike."

"Nikilifunga nitakuwa nimemzika, shemeji."

Hasira zikampanda fundi. Akaandika chapuchapu, bila karatasi ya majaribio, bila kusoma alichoandika: "Kama unanisikia nijibu." Akalibwaga daftari mapajani mwa mumewe na kwenda kusimama mlangoni, mgongo amewapa wote wawili.

"Shemeji," aliita mdogo mtu kwa sauti ndogo. "Hebu njoo."

Kalamu nyekundu ilikuwa inatetemeka. Ilijiburuza hadi katikati ya sentensi, baada ya "unanisikia", ikaacha koma iliyopinda.

"Nimekosa!" fundi alipiga kelele. "Shemeji, nimekosa! Ona nilivyokosa!" Wala sidhani kuna mwanafunzi aliyewahi kushangilia kosa namna ile.

Shemeji alilichukua daftari, akalifunua kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa.

"Huyu hajawahi kuweka tiki maishani mwake," alisema hatimaye. "Tulikuwa tunalia kwa hilo. Alama zake ni za makosa tu. Ukipata yote, anakurudishia daftari safi kama ulivyompa."

"Una maana gani?"

"Hizi zote umepata, shemeji. Amezisoma zote."

Fundi aliketi sakafuni. Alikumbuka ile barua ya uhamisho, na yote aliyoyamwaga akidhani anaongea na ukuta. Aliona haya, na furaha ikamzidi haya. Alipoinua uso, mumewe alikuwa akimtazama, na jicho lake la kushoto lilikuwa limelowa.

Akaandika nyingine, polepole safari hii: "Ukiwepo, nyumba hii imejaa."

Macho ya mwalimu yalitembea kutoka mwanzo hadi mwisho, yakarudi tena mwanzo. Kisha akaiweka kalamu chini.