Viraka vya Magwanda

Wiki ya tatu kambini, sajini alisimama mbele ya makuruta walioroa tope hadi nyusi, akauliza, "Nani anajua kushona?"

Kijana mmoja aliinua mkono swali halijaisha. Mama yake alikuwa fundi cherehani, naye alianza kukanyaga pedali tangu miguu haijaifikia vizuri. Kuanzia siku hiyo wakamwita Fundi. Wenzake wakitambaa chini ya seng'enge, yeye amekaa kitako stoo, kivulini.

Furaha hiyo haikufika saa sita. Magunia aliyopewa yalijaa magwanda yaliyorudi kutoka mstari wa mbele. Yalikuwa yamefuliwa yakatakata, lakini sabuni haizibi tundu. Tundu dogo mbele, kubwa mgongoni.

"Wewe shona tu, mwanangu," alisema koplo wa stoo, mtu mzima mwenye maneno ya kuhesabu. "Usiulize."

Akashona. Siku ya kwanza hakugusa uji. Siku ya nne alikula kama kawaida, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Bwana mkubwa!" Twiga alimtania bwenini. Huyo ndiye aliyelala kitanda cha juu yake, mrefu kama mlingoti, mdomo haufungi. "Mikono laini, utadhani bibi harusi!"

Fundi alicheka, roho ikimsuta.

Jumamosi magwanda yakagawiwa. Twiga alivaa shati lake, akapapasa kiraka cha kifuani.

"Fundi, hii kazi yako? Lilichanika na nini?"

"Msumari."

Twiga akalivua, akaligeuza. Mgongoni kulikuwa na kiraka kingine, upana wa kiganja. "Msumari gani huu, ndugu yangu, unaoingia huku na kutokea kule?"

Mmoja mmoja, wenzao wakaanza kukagua mashati yao.

Fundi alivua lake, jipya, lisilo na mshono wa pili. "Chukua. Nipe hilo."

"Litanibana."

"Likubane. Wewe chukua!"

Sajini aliingia akawakuta vifua wazi. Alipoambiwa sababu, aligusa kiraka cha mgongoni kwa kidole. Kisha akafoka, kana kwamba amekumbuka cheo chake.

"Nani alikutuma kuchagua nani avae nini?"

"Hakuna, afande. Ila siwezi kumvika mwenzangu kitu ninachokiogopa mwenyewe."

Alikimbizwa uwanjani, bunduki juu ya kichwa, mpaka magoti yakakataa. Stoo akafukuzwa, na cherehani akapewa kuruta mwingine ambaye hata kutunga uzi ilikuwa shughuli.

Jumatatu Fundi alikuwa chini ya seng'enge, tumbo kwenye tope. Twiga, mikono ya shati ikimkomea viwikoni, alimshika ukosi akamvuta.

"Mjinga wewe! Umeacha kivuli kwa ajili ya shati?"

"Tambaa," Fundi akasema. "Sajini anatuona."

Kiraka kilimkwaruza kifuani kila alipojisukuma mbele.