Baba kwenye Tuta la Vitunguu

"Mimi simng'oi," alisema Tuda, jembe mkononi. "Bustani unaiuza wewe, basi mng'oe wewe."

"Nitamkata mizizi, dada. Mwenye mkono wa kupandikiza ni wewe."

Hasu alikuwa amepanda mlimani na viatu vyake vya mjini. Mnunuzi hataki kuchimba msingi mpaka mzee aondolewe.

Baba yao, Moha, alikufa wakati wa theluji. Mwezi wa tatu, wiki moja baada ya vitunguu, alichipuka katikati ya tuta, akaishia kiunoni. Tuda alimpalilia pamoja na vitunguu. Kuku walimparura mabegani wakitafuta minyoo, na mmoja mwekundu aliatamia mayai tisa kwenye kilemba chake. Jirani yao, Ito, alishauri azungushiwe miiba, mbuzi wasije wakamla ndevu.

Tuda alikuwa amelima hapo miaka ishirini na sita. Hasu mwenyewe alikubali: mzee akisema nusu ni ya dada, hakuna kuuza.

"Muulize basi," alisema Hasu.

Tuda akachuchumaa. "Baba, kwenye hati ya bustani uliandika jina la nani?"

"La Hasu."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Mzee alifikiri kidogo. Kuku akajigeuza juu ya mayai.

"Wewe ulikuwa bustanini," alisema. "Niongeze maji."

Hasu akaangalia viatu vyake.

"We Tuda!" Ito alipaza sauti ng'ambo ya ukuta. "Zamu yako hii! Mbona silioni jembe lako mferejini? Au leo unapiga soga na marehemu?"

Kijijini kwao, asiyelaza jembe lake mferejini zamu yake ikifika, maji humpita. Tuda alilitazama jembe mkononi.

"Chukua wewe, Ito."

"Ya leo tu?"

"Chukua."

Ikasikika sauti ya maji yakigeukia kwa Ito.

Tuda alimshusha kuku mwekundu pamoja na mayai yake, akamweka kwenye kikapu chenye majani makavu. Kisha akachimba kumzunguka mzee, shibiri mbili kutoka kiunoni, kama anavyochimba miche ya pilipili. Alimtoa na bonge lake la udongo, hata mzizi mmoja haukukatika. Akamfunga kwa gunia bichi, akamfungia Hasu mgongoni.

"Mpande jioni, jua likipoa. Na usimzidishie mbolea, ataungua."

"Nimpande wapi, dada? Nakaa ghorofa ya nne."

"Maji," alisema mzee ndani ya gunia.

Tuda aliwakamata kuku waliobaki mmoja mmoja, akawatia kwenye tenga, akajitwika. Kikapu cha mwekundu akakishika mkononi. Akatoka, akavuta lango la matawi, akalifunga kwa kamba mafundo mawili, kama kila siku, ili kuku wasiingie kwenye vitunguu.