Ndugu wa Mgonjwa wa Kitanda Namba Sita

Jumatatu saa tatu asubuhi, karani wa ofisi ya misitu alifungua kabati, akapuliza vumbi, akatoa kadi ya mgandachungu. Mti huo hauoti popote duniani ila kisiwani, na kisiwani ulibaki mmoja, juu ya kilima cha mawe, ndani ya uzio. Kadi mpya zilitaka hali ya kila mti ielezwe kwa neno moja. Karani aliona "hatarini" ni neno lililochoka, lilishaandikwa hata kwa miti iliyojaa tele barabarani. Alifikiri hadi chai yake ikapoa, kisha akaandika: mahututi.

Neno hilo lina njia yake serikalini. Karatasi yenye mahututi hupelekwa hospitali, na hii nayo ikapelekwa. Jumanne, kabla ya adhuhuri, gari la wagonjwa lilisimama kwenye uzio, wakashuka watu wawili na machela.

Mlinzi wa mti alikuwa mama mmoja ambaye watu walishasahau jina lake, wakimwita Mama Funguo kwa sababu ya kishada cha funguo kilicholia kiunoni mwake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameufukuzia mti ule mbuzi na wachuna magome, na siku za upweke alipiga nao soga. Alisoma karatasi mara mbili. Ilikuwa na muhuri. Akafungua kufuli.

"Wewe ni nani wake?" dereva aliuliza.

"Mlinzi."

"Hapa wanataka ndugu, mama."

Mama Funguo aliutazama mti. "Basi andika ndugu."

Akatia saini palipoandikwa: *Mgonjwa ameondoka nyumbani kwa hiari yake.* Mgandachungu ukachomoa mizizi yake mmoja mmoja, bila haraka, ukajilaza kwenye machela. Haukuwa mrefu sana. Mlango wa nyuma wa gari waliufunga kwa kamba.

Ulilazwa wodi ya nne, kitanda namba sita, karibu na dirisha. Mizizi waliiweka kwenye beseni, dripu wakaitundika kwenye tawi lake lenyewe, kwa kuwa vyuma vya kutundikia havikutosha.

"Amekunywa lita mbili," sista alisema kesho yake.

"Umekunywa," Mama Funguo alimsahihisha. "Huo ni mti."

"Mama, humu ndani kuna wagonjwa tu."

Mama Funguo alikaa kwenye benchi kama ndugu wengine. Alibadilisha maji, aliokota majani chini ya kitanda, aliwajibu majirani waliouliza mgonjwa ameamkaje. Wiki ya pili alijikuta naye anasema amekunywa, amelala, leo ana uchangamfu. Aliona haya kwamba miaka yote ile hakuwahi kumwita hivyo.

Kila siku saa tisa alasiri vioo vya dirisha vilitetemeka, na jani moja la mgandachungu lilidondoka.

"Baruti hizo," sista alisema. "Wanapasua mawe, sijui wapi."

Wiki ya tatu mgonjwa alitoa ua jeupe, dogo kama kifungo cha shati. Daktari alimgonga shina, akasikiliza, akaandika. "Hatari imepita. Arudi nyumbani, apumzike, asikae kwenye vumbi." Mama Funguo alilia kwa furaha mbele ya wodi nzima, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, akaanza kumsukuma.

Palipokuwa na kilima palikuwa na shimo. Ndani yake mashine ilisaga mawe kuwa kokoto, na vumbi lilitanda hadi barabarani. Lango lilikuwa na kufuli jipya. Mama Funguo alijaribu funguo zake zote, mmoja baada ya mwingine.

"Mnamtafuta nani?" bawabu aliuliza.

"Hatumtafuti mtu. Tumerudi nyumbani."

Bawabu hakuwa mtu mbaya. Alimsogeza mgonjwa kivulini, akaleta kibali cha kampuni. Sheria ilikataza kilima kuguswa maadamu mgandachungu umesimama juu yake. Kibali kilitolewa Jumatano, siku moja tu baada ya mti kuondoka, na kilibanwa pamoja na nakala ya fomu ya hospitali: ameondoka kwa hiari yake, saini ya ndugu.

Saini ilikuwa nzuri, imenyooka. Mama Funguo aliitambua: ilikuwa yake. Hata mbuzi hakuwahi kumpitisha kwenye lango lile, na sasa kilima kizima kilikuwa kimepita mkononi mwake.

Akamsukuma mgonjwa hadi ofisi ya misitu. Karani alifurahi kweli kumwona. Alikata neno mahututi, akaandika nafuu.

"Na kwenye makazi, niandike wapi?"

"Kilimani. Kwake."

"Kilima hakipo, mama."

"Najua hakipo. Kimeondolewa nasi tumo wodini."

Karani alipekua faili, akaikuta ile fomu, akanakili kwa mwandiko wake mzuri: *Amehama kwa hiari yake.* Akamgeuzia kadi. "Saini hapo, ndugu wa mgonjwa."

"Nilishasaini," alisema Mama Funguo, akaweka kishada cha funguo juu ya meza.

Karani alikisogeza kando, wino usije ukatapakaa. Mlangoni, kwenye kiti cha magurudumu, mgandachungu alikuwa anasubiri aambiwe wanakwenda wapi.